NYUMBANI KWETU: Kabla mnunuzi hajabisha hodi

Msomaji wetu mmoja wa Mjimwema, mjini Songea, anataka kuuza nyumba aliyoishi kwa zaidi ya miaka 25. Mumewe amefariki, watoto watatu wakubwa wana miji yao, na kitinda mimba amebakiza miaka miwili chuoni. Vyumba vinne vya kulala ni vingi kwa mtu mmoja, na fedha ya ada haionekani itakakotoka. Dalali wa kwanza alipokuja alizunguka nyumba mara moja, akaangalia juu, akaangalia chini, kisha akataja bei ambayo mama huyu anasema isingetosha kununua kiwanja na kusimamisha vyumba viwili huko anakotaka kuhamia. Anayo akiba ya shilingi laki nane. Anauliza: abadilishe bati lote, apige rangi nyumba nzima, au aiuze kama ilivyo?

Wako wengi wenye swali kama lake. Nyumba nyingi za zamani za upande huo zilijengwa polepole: matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa na wenye nyumba wenyewe, udongo katikati ya tofali na tofali badala ya saruji, bati zilizonunuliwa chache chache kila baada ya kuuza mahindi. Ni nyumba imara, nazo zimevumilia mvua nyingi. Lakini machoni mwa mnunuzi wa leo zina sura ya uchovu, hasa zikisimama karibu na nyumba mpya zenye bati za rangi na madirisha ya alumini. Basi mwenye nyumba hukata tamaa akapokea chochote, ama hukopa fedha ili nyumba yake ifanane na ya jirani. Yote mawili ni hasara.

Hebu tumtazame kwanza mnunuzi mwenyewe. Mtu anayeingia katika nyumba ya zamani huwa anapiga hesabu kimoyomoyo kila hatua. Akiona doa la maji kwenye silingibodi, hapunguzi bei ya silingibodi moja. Anajisemea kuwa bati lote limekwisha, naye anakata bei ya bati lote pamoja na kenchi zake. Akiona ufa ukutani anawaza msingi. Mlango ukikwaruza sakafu anawaza kuwa nyumba imetitia, kumbe ni bawaba moja tu iliyolegea. Kwa hiyo laki nane za mama yetu zisitumike kwa mapambo. Zitumike kuondoa vile vitu vidogo vinavyomtia mnunuzi hofu kubwa.

Ipo hofu moja ambayo fundi hawezi kuiondoa, nayo ni ya karatasi. Mama huyu hakutueleza kama amekwisha kuteuliwa msimamizi wa mirathi ya marehemu mumewe. Kama bado, asinunue hata kopo moja la rangi kabla ya kwenda mahakamani. Kikao cha ukoo hukaa, huandika muhtasari na kupendekeza jina, lakini anayeteua ni mahakama. Katika Mahakama ya Mwanzo, karatasi ya uteuzi ndiyo ile iitwayo Fomu Namba 4. Tena ieleweke kuwa msimamizi ni mtu wa kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi, na baadaye huirudia mahakama kutoa hesabu. Shemeji akiteuliwa, uteuzi huo haumfanyi kuwa mrithi wa nyumba. Mnunuzi mwenye akili ataiomba karatasi hiyo siku ya kwanza, na asipoiona ataondoka, au atabaki ili anunue kwa bei ya kutupa.

Na wewe dada ambaye mume wako yu hai, jua kuwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo kwenye hati ni la mmoja. Ukiletewa karatasi ya mauziano uambiwe utie sahihi tu upesi upesi wageni wanasubiri, isome kwanza.

Tafuta pia hati au ofa ya kiwanja, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, na mawe ya mipaka. Haya mawe husumbua sana. Mengi yamefukiwa na udongo au yameng'olewa na watoto, na jirani mpya amesogeza ua wake hatua mbili. Mwite jirani, mwite mwenyekiti wa mtaa, mkayatafute pamoja kungali mapema. Hofu ya ugomvi wa mpaka hupunguza bei kuliko bati lenye kutu. Kodi ya jengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia umeme wa LUKU, lakini deni la zamani, kama lipo, ulizia. Ofisi ya TRA nayo iulizwe kabla ya kupatana bei, kwani kuna kodi inayotozwa kwenye faida ya kuuza nyumba, na nyumba ambayo mtu ameishi mwenyewe yaweza kupata msamaha ikitimiza masharti. Risiti za saruji, bati na mbao zitunzwe zote, za zamani na za sasa, maana gharama hizo ndizo zinazoonyesha kuwa faida si kubwa kama inavyodhaniwa.

Sasa twende kwenye nyumba yenyewe, na tuanzie juu.

Ingia ndani wakati wa jua kali la mchana, funga milango na madirisha, kisha mtume kijana mwepesi achungulie juu ya dari. Kila tundu litaonekana kama nyota. Aweke alama ya chaki. Mara nyingi mtakuta kuwa bati ni zima, ila misumari imelegea na raba zake zimekauka na kupasuka. Fundi ang'oe ile iliyolegea, apige mipya yenye raba, tena juu ya mgongo wa bati wala si bondeni ambako maji hupita, na matundu ya zamani ayazibe kwa lami. Aitazame na kofia ya paa, kwa kuwa upepo huinyanyua ncha zake.

Kama bati tatu au nne zimeoza kabisa, hakuna haja ya kubadilisha paa lote. Lakini bati mpya nne zinazong'aa katikati ya paa la mbele hutangaza ubovu kama kiraka kwenye gauni. Mwambie fundi atoe bati nzima za zamani upande wa nyuma azilete mbele, na zile mpya ziende nyuma. Paa la mbele litakuwa na rangi moja. Mnunuzi akiuliza, mwonyeshe za nyuma na umwambie zilibadilishwa lini. Kupaka rangi nyekundu juu ya bati lililotoboka kwa kutu ni jambo jingine. Hilo hudumu hadi mvua ya kwanza, na mvua ya kwanza ikishanyesha jina lako ndilo litakalotajwa mtaani.

Zipo pia nyumba chache za zamani, hasa zilizojengwa na taasisi, zilizoezekwa kwa asbesto, yale mabamba mazito ya kijivu. Hayo yasikatwe kwa msumeno wala kusuguliwa kwa brashi ili yang'ae. Vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Yaache yalivyo, umwone afisa afya wa Manispaa, na mnunuzi aambiwe.

Paa likishatengemaa ndipo ubadilishe silingibodi yenye doa. Usiipake rangi ya maji juu ya doa, kwani doa la maji hupenya na kurudi likiwa la njano lile lile. Na kijana akiwa bado huko juu, mpe kisu agonge kenchi kwa mpini wake. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu, iliyoliwa na mchwa hulia kama boga. Kenchi moja ikibadilishwa leo ni kazi ya nusu siku. Mnunuzi akiigundua mwenyewe, ataipandishia gharama ya paa zima.

Tushuke chini. Kuna ubovu mmoja wa nyumba zetu ambao tumeuleta wenyewe kwa usafi wetu. Mama amefagia uwanja kila alfajiri kwa miaka 25, na kila ufagio umeondoka na udongo kidogo. Mvua inayotiririka toka kwenye bati nayo imechimba mfereji chini ya ukuta. Leo msingi uko wazi kiganja kizima, mawe yake yanaonekana, na mgeni anadhani nyumba inang'oka. Dawa yake ni mkokoteni wa udongo, shindilio, na watoto wawili wenye nguvu. Rudisha udongo hadi ufunike msingi, ushindilie huku ukiuinamisha kuelekea nje ili maji yaondoke, kisha pale matone ya paa yanapoangukia panga mawe au kokoto. Kazi hiyo ni ya siku mbili, na sijui nyingine inayobadilisha sura ya nyumba kwa fedha kidogo namna hiyo.

Udongo mwekundu unaorukia ukutani wakati wa mvua huacha madoa hadi magotini. Ndiyo sababu mafundi wetu hupaka mkanda wa rangi nzito chini ya ukuta, nyeusi au kahawia, wa kimo cha kozi nne hivi. Wapo wanaoubeza kuwa ni wa kizamani. Mimi nausifu. Nyumba yenye mkanda huo huonekana imepigwa pasi hata mwezi wa Machi.

Kuhusu nyufa, kila mtu anaijua methali ya ufa na ukuta. Kinachosahaulika ni kwamba nyufa si za aina moja. Ule mwembamba kama unywele kwenye lipu si kitu, mkwaruze na umzibe fundi atakapopita. Ule unaoshuka kama ngazi ukifuata matofali, au unaoanzia kwenye kona ya dirisha, mpime kwanza. Gundisha kipande cha karatasi juu yake, andika tarehe, uache mwezi mmoja. Karatasi isipochanika, nyumba imekwisha kutulia, na ufa unaweza kuzibwa. Ikichanika, mwite mwashi atazame msingi, na usiufiche kwa rangi. Lipu ya saruji nayo, ikipigwa juu ya matofali yaliyojengwa kwa udongo bila maandalizi, hubanduka kama ukoko. Fundi achokonoe kwanza ule udongo wa kwenye viungo, kina cha ncha ya kidole, aloweshe ukuta, ndipo apige lipu. Ukimwona anapiga juu ya vumbi kavu, mzuie.

Rangi ije mwisho, na isiwe nyingi. Vyumba vya kulala vipigwe niru nyeupe, inatosha. Chumvi kidogo kwenye chokaa husaidia isimchafue mtu anayeegemea. Rangi ya kununua iwekwe sebuleni na ukuta wa mbele, na iwe ya kupoa: maziwa, krimu, kijivu chepesi. Kama sebule ilipakwa rangi ya mafuta zamani, iparuzwe kwa msasa kwanza, la sivyo rangi ya maji itavuka juu yake kama maji juu ya jani la myugwa. Milango isafishwe na kupakwa vanishi. Nyumba za zamani za Songea zina milango ya mbao ngumu ambayo leo haipatikani kwa bei ya kawaida, na ni ajabu kuona watu wakiifunika kwa rangi ya bluu.

Mnunuzi wa nyumba ya familia mara nyingi huja na mkewe, au humleta siku ya pili, na hiyo siku ya pili ndiyo ya kweli. Mume atatazama bati na ukubwa wa kiwanja. Mke ataelekea jikoni na chooni bila kuomba ruhusa. Jiko lenye masizi ya miaka 20 lisipakwe niru moja kwa moja, kwani masizi hupenya. Lisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, likauke siku mbili, ndipo lipigwe niru mara mbili. Dirisha la jiko lifunguke. Choo cha shimo kilichokaribia kujaa kishughulikiwe, na kama fedha haitoshi, bei ya kukinyonya itajwe wazi na kupunguzwa kwenye bei ya nyumba. Sakafu ya bafu iliyochimbika izibwe kwa saruji, maji yasisimame. Bomba la SOUWASA lisivuje. Bomba linalodondoka matone usiku kucha humfanya mama mgeni aanze kufikiria bili kabla hajafikiria pazia.

Umeme ni habari nyingine. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia iliyotoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na nyumba nyingi zilifungiwa nyaya kwa ajili ya taa tatu na redio moja. Leo mnunuzi anawaza jokofu, pasi na jiko la umeme. Fundi mwenye leseni apite, atazame nyaya zilizoliwa na panya na soketi zilizoungua, akuandikie alichokikuta. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati.

Baada ya hapo kuna mambo ambayo hayagharimu chochote ila unyenyekevu. Nyumba zetu baada ya mavuno huwa ghala. Magunia ya mahindi yamepangwa sebuleni, yana harufu ya dawa ya dumuzi, dagaa wa Nyasa wananing'inia jikoni, na kuku wanalala kwenye korido. Kwa mwenyeji hiyo ni baraka. Kwa mgeni chumba cha magunia 12 ni chumba kisichoonekana. Yapeleke magunia yote kwenye chumba kimoja, juu ya mbao yasiguse ukuta, kuku watengenezewe banda, na ukuta wenye picha na kalenda za miaka tisa ubaki na picha moja. Siku hizi dalali hupiga picha kwa simu na kuzituma kwa mtu aliye Mbinga au Dar es Salaam, na mtu huyo huamua kuja au kutokuja kwa kutazama picha hizo. Zipigwe asubuhi, madirisha yakiwa wazi.

Uwanjani fyeka majani, lakini mwembe na mparachichi usiikate. Nimewahi kusikia mtu akishauriwa kukata miti ili nyumba ionekane vizuri barabarani. Mti wa matunda uliokomaa ni miaka kumi ya subira ya mtu, na mnunuzi anaipata siku moja. Kama kuna kaburi kiwanjani, lisafishwe, lizungushiwe, na mnunuzi aambiwe siku ya kwanza kabisa. Patananeni kwa maandishi kama ndugu wataendelea kulizuru au litahamishwa kwa taratibu za Manispaa. Wapo watakaoondoka. Heri waondoke mapema kuliko waje wakudai fedha zao umekwisha kulipa ada.

Kuhusu majira, mvua za Songea huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo rangi haikauki na barabara za ndani zina matope. Mahindi huvunwa kuanzia Juni, kahawa ya Mbinga nayo huvunwa katikati ya mwaka, hivyo fedha huanza kuonekana mikononi mwa watu kuanzia Agosti. Mama yetu akifanya marekebisho yake Juni na Julai, nyumba itakuwa tayari Agosti hadi Oktoba, wakati wanunuzi wana fedha na hakuna wingu. Akilazimika kuuza Februari, atauza kwa shida.

Laki nane zake basi tungezigawa hivi: karibu nusu iende kwenye misumari, lami, bati chache na silingibodi. Robo iende jikoni na chooni. Inayobaki ndiyo ya niru, ndoo moja ya rangi ya mbele, bawaba na vitasa. Udongo wa msingi autafutie vijana wa ukoo. Ataweza pia kuwaita madalali wawili au watatu bila kumwambia mmoja wao bei aliyotaja mwenzake, na kuuliza nyumba za karibu, hasa zilizo jirani na barabara na Kituo cha Afya, ziliuzwa kwa kiasi gani.

Mnunuzi akifika, msemaji awe mmoja. Watoto watatu wakitaja bei tatu, mnunuzi huchukua ya chini. Mwache azunguke peke yake kidogo, afungue milango, agonge kuta. Vile visivyotengenezwa vitaje mwenyewe kabla hajavigundua. Anayeambiwa kuwa dirisha la chumba cha nyuma halifungi vizuri humwamini mwenye nyumba anaposema kuwa paa halivuji.

Mkipatana, mauziano yaandikwe mbele ya wakili, na fedha yote ipitie benki, msimamizi wa mirathi akiwepo na warithi watu wazima wametia sahihi. Hati isitoke mkononi kwa malipo ya kutanguliza. Siku ya kukabidhi funguo, nendeni pamoja kwenye mita ya maji na mita ya LUKU, muandike namba zinazosomeka, na kila upande ubaki na nakala yake.